Kifuniko cha Mdomo wa Bunduki

Masomo: Zaburi 141:3, Mithali 4:23, Yakobo 3:5-6



Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi habari ya kitu kidogo sana, nacho ni kifuniko cha mdomo wa bunduki.

Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi tangu mwaka 2019 yamekuwa Hifadhi ya Taifa, wala hairuhusiwi kuwinda humo. Walakini askari wa hifadhi huchukua bunduki, kama walivyofanya wawindaji wa zamani, na taabu ya njia ni ileile. Wakati wa masika majani ni marefu na vijito vina matope. Mtu huteleza, na mdomo wa bunduki hugusa udongo. Hata nyumbani, bunduki ikiachwa pembeni bila kuangaliwa, nyigu aweza kuingia na kujenga nyumba yake ya udongo ndani ya mtutu. Mwenyewe hana habari. Siku afyatuapo, risasi hukuta njia imezibwa, na nguvu ya baruti iliyowaka hukosa pa kutokea, hata mtutu ukavimba au kupasuka. Hapo aumiaye si mnyama, bali ni yeye aliyeishika bunduki: mkono wake na macho yake.

Kwa hiyo mwenye busara huuvika mdomo wa bunduki kofia ya ngozi, au huubandika utepe mwembamba wa gundi. Kifuniko hicho hukaa nje. Maana yuko na mtu afanyaye kosa la pili: hushindilia kitambaa ndani ya mtutu ili mvua isiingie, kisha akasahau. Huyu naye amejitegea mtego, kwa kuwa kitambaa kilichoshindiliwa huziba kama matope. Tena mzoefu hategemei kifuniko peke yake. Kabla ya safari hutoa risasi zote, hufungua bunduki kwa nyuma, akatazama kama mwanga wapita mtutuni toka mwanzo hata mwisho.

Basi, ndugu, moyo wetu ni kama mtutu, na kinywa chetu ni mdomo wake. Uchafu huingia tukiwa njiani, wala hatusikii uingiapo. Nyigu haleti tope lote mara moja. Huleta kidonge kimoja, akaenda, akarudi na kingine. Na masingizio juu ya jirani huingia moyoni vivyo hivyo.

Sisi wa nchi hii twalijua jambo hili. Hapo Rusumo, karibu na mahali ambapo Ruvuvu hukutana na Kagera, mwaka 1994 maji yalichukua maiti za watu waliouawa Rwanda, nyingine zikafika hata Ziwa Victoria. Na mwisho wa Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, na wilaya ya Ngara ikawapokea Benaco. Mauaji yale hayakuanza siku panga lilipoinuliwa, maneno yalitangulia. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwazoeza wasikilizaji kuwaita jirani zao mende. Neno hilo likaingia kidonge kwa kidonge, nao wengi wa waliolisikia walikuwa watu waliobatizwa. Lilipotoka liliua jirani, likaivunja na nchi nzima mikononi mwa walioishika.

Je, sisi tu wema kuliko wao? Kisimani na sokoni twasikia bado: "Fulani si wa kwetu, wazee wake walitoka ng'ambo ya mto." Asemaye hucheka, nasi twacheka naye. Tuogope, ndugu! Hicho ni kidonge cha kwanza cha nyigu.

Walakini tusiliangukie kosa la pili. Wako wakristo wasiosema baya lo lote, lakini waonapo jirani akisingiziwa hunyamaza, wakijiita watu wa amani. Hao wameshindilia kitambaa ndani. Mwenye Zaburi hakuomba kizibo, aliomba mlinzi. Na mlinzi wa mlango ajua kufunga, ajua na kufungua. Hata Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, alipoieleza amri ya nane hakutukataza uongo tu. Alitufundisha kumtetea jirani, kumnena vema, na kuyapokea mambo yake kwa nia njema.

Ninyi walimu wa vijiji, kinywa chenu husikiwa na wengi. Kabla ya kusimama mbele ya watu, fungueni mioyo yenu mbele za Mungu na kuitazama katika nuru ya Neno lake. Mkiona humo uchungu juu ya mtu au kabila, uungameni kwanza, ndipo mfundishe. Na yeyote kati yetu aliyenena vibaya juu ya jirani yake, asingoje Jumapili. Na aende leo, agonge mlango wake, aombe radhi.

Ee Bwana Yesu, uliyemwaga damu yako kwa ajili ya watu wa ng'ambo zote mbili za mto, safisha mioyo yetu, uvilinde vinywa vyetu, na uvifungue wakati wa kweli. Amina.