Rimu Mpya Juu ya Kitovu cha Zamani



Baiskeli, ambayo wengi wetu huiita kinga, ni msaidizi mkubwa wa vijiji vyetu. Huchukua makala na mihogo mpaka sokoni, humfikisha mgonjwa kwenye zahanati. Kwa hiyo hakuna asiyeijua rimu, lile duara la chuma lishikalo mpira na kuunganishwa na kitovu kwa spoki. Leo tutazame jinsi fundi abadilishavyo rimu iliyoharibika ya baiskeli ya zamani, kwa maana kazi yake yatufundisha habari ya uongofu.

I. Fundi husema kweli juu ya ubovu

Rimu iliyopinda kidogo yaweza kunyoshwa kwa kukaza spoki hizi na kulegeza zile. Lakini ikiwa imepasuka penye tundu la spoki, au imeliwa na kutu, nyundo haifai kitu. Mwenye baiskeli ataigonga, ataizungusha, ataona kana kwamba imepona. Siku ya mteremko, mzigo ukiwa nyuma na mtoto juu ya mzigo, itafumuka, na mtoto ndiye atakayeumia.

Ndivyo ilivyo dhambi iliyozoeleka. Yuko mkatekumeni aachaye pombe majuma mawili tu kabla ya mtihani wa padri. Yuko amsalimuye adui yake mlangoni mwa kanisa, lakini kisimani humpita kimya. Hao wamegonga rimu kwa nyundo. Ufa ungali pale pale, na watakaoumia ni wale wanaowategemea.

II. Fundi hatupi kitovu

Akiisha kuifungua rimu mbovu, fundi hakitupi kitovu. Hukisafisha, hukitia mafuta, hukizungusha kwa vidole. Kitovu cha chuma cha baiskeli ya zamani mara nyingi huzidi umri wa rimu mbili au tatu. Spoki nazo huzichagua: iliyo nzima hurudi kazini, iliyoliwa na kutu huwekwa kando.

Wapendwa, Mungu hadharau alichokiumba ndani yenu. Heshima kwa wazee, kumkaribisha mgeni, kusaidiana shambani, hayo ni mema, nayo yataingia pamoja nanyi katika Eklezia. Lakini kisasi, hirizi, na ile desturi ya kumnyang'anya mjane vyombo vya marehemu mumewe, hizo ni spoki zilizooza. Asizirudishe mtu.

III. Fundi hupima

Mtu akienda kununua rimu, asiseme tu, "Nataka ya inchi 28." Magurudumu ya namna mbalimbali huitwa kwa jina hilo moja. Mpira ulioandikwa 28 x 1½ hukaa juu ya rimu ya milimita 635. Mwingine, nao huitwa wa 28, hutaka milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini mpira wa hii hauwezi kukaa juu ya ile. Tena fundi huhesabu matundu. Baiskeli nyingi za zamani zilizotengenezwa Uingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Nyingine zina 36 kila upande. Hutazama na breki: breki za vyuma virefu hubana rimu kwa ndani, kuelekea kitovu, hivyo zataka rimu ya umbo lake.

Nasi vilevile tusiridhike na jina. Wawili huitwa Wakristu, kumbe mmoja amejipima kwa majirani, mwingine kwa Bwana wetu Yezu Kristu. Kipimo chetu ni yeye peke yake.

IV. Fundi hahamishi spoki zote kwa mara moja

Fundi mwenye busara hulegeza spoki zote kidogo kidogo. Hufunga rimu mpya kando ya ile ya zamani, tundu la valvu mkabala na tundu la valvu, kisha huhamisha spoki moja moja, kila moja mahali pake. Nati zake huzitia mafuta. Huanza kuzikaza zote sawasawa, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Gurudumu likiegemea kushoto, hukaza spoki za kuume mahali pale na kulegeza za kushoto. Akikaza upande mmoja kwa nguvu na kwa haraka, huipinda rimu mpya siku ile ile aliyoinunua.

Wengine hunung'unika, "Mbona mafundisho ni marefu hivi?" Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza mtu atengenezwe miaka 4 kabla ya batizo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliamuru ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, nao uende kwa hatua. Na taratibu zake zilitangazwa mwaka 1972. Eklezia haiwacheleweshi kwa ukaidi. Yakaza spoki zenu moja moja.

Mkumbukeni Zakayo wa Yeriko. Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakutoa machozi tu. Alitaja maskini, akataja na wale aliowadhulumu, na kiasi atakachowarudishia. Hizo ndizo spoki zake, naye alizihesabu.

Mwishowe, baada ya safari ya kwanza, fundi huliita gurudumu lirudi, kwa kuwa spoki mpya hulegea zikiisha kuzoea mzigo. Vivyo hivyo batizo silo mwisho wa kazi. Bwana ametuachia sakramenti ya kitubio, ili gurudumu likaguliwe tena na tena.

Azimio la juma hili: Kila mmoja autafute ufa wake mmoja, ule anaougonga kwa nyundo miaka yote. Kama ni deni, alipe sehemu yake. Kama ni vyombo vya mjane, avirudishe kabla ya Dominika. Kama ni ugomvi, aende nyumbani kwa mwenzake, wala asingoje kukutana naye kanisani.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista:
1. Kwa nini nyundo haiponyi rimu iliyopasuka?
2. Ni mema gani ya wazee wetu tunayoyahifadhi kama kitovu?
3. Zakayo aliwarudishia nini wale aliowadhulumu?