Mlio wa Gari na Elimu ya Sababu Iliyofichika

Gari litoalo mlio mwembamba kila likanyagwapo mafuta, mlio upandao kadiri mwendo unavyopanda na kufifia pale dereva aondoapo mguu wake, huwakutanisha gereji watu wawili wenye haja mbalimbali: mwenye gari, atakaye kelele zikome, na fundi, ambaye kabla ya kuzikomesha hana budi kuijua sababu ya jambo asiloweza kuliona. Meno ya gea yanayosagana yamefungiwa ndani ya chuma, yamezama katika oili, na hapana jicho liyafikialo mpaka kazi kubwa ya kufungua imekwisha fanywa na ujira wake umekwisha hesabiwa. Suali lililo hapa ni kongwe kuliko magari: mtu aliyesikia athari tu, kwa haki gani adai kuijua sababu, na dhana yake iwe na nguvu kiasi gani ndipo imhalalishie kutia mkono katika mali ya mwenziwe?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipowajibu wanafalsafa katika Tahafut al-Falasifa alitoa mfano wa pamba iguswayo na moto: jicho huona mguso, kisha huona mwako, lakini halioni kabisa kitu kinachoulazimisha mwako kuufuata mguso, na mtendaji wa kweli, kwake yeye, ni Mwenyezi Mungu. Zaidi ya miaka 600 baadaye David Hume wa Uskoti, bila kumtegemea Mungu katika hoja yake, alifika karibu na hapo, akasema kwamba hilo tuliitalo lazima ni mazoea ya nafsi iliyozoea kuona mambo mawili yakifuatana. Fundi mvivu angeyafurahia sana maneno haya, maana ikiwa hapana aijuaye sababu, basi kubadilisha oltaneta leo na pampu ya stering kesho ni ijtihadi kama ijtihadi nyingine. Lakini Ghazali huyo huyo alitunga al-Mustasfa, kitabu cha usuli wa fiqhi, na humo akazipima njia za kuitafuta sababu ya hukumu. Shaka yake ilihusu nani atendaye, wala haikuwa ruhusa ya kuacha kuichungua desturi ambayo Mungu ameiendeshea ulimwengu.

Miongoni mwa njia walizozijadili wanavyuoni wa usuli ni dawarani, yaani hukumu kuzunguka pamoja na sababu yake, ikiwapo ipo, ikiondoka imeondoka. Mfano wao mashuhuri ni maji ya zabibu, ambayo ni halali yangali matamu, huharamika yanapolevya, na hurejea uhalali yageukapo siki. Kilichokuja na kuondoka ni ulevi, basi ulevi ndio sababu.

Fundi hodari hufanya vivyo hivyo pasi na kukaa darasani. Tutwae pikapu isukumwayo na magurudumu ya nyuma, ipandayo kutoka Mombasa kuelekea Mazeras na mzigo wa saruji. Kwanza huisimamisha, akaitoa gea, akaivumisha injini papo hapo; mlio ukisikika hali gari halitembei, basi tuhuma iko mbele, kwenye mkanda, beringi ya oltaneta, au pampu ya stering ambayo mafuta yake yamepungua ikavuta hewa, na usukani ukigeuzwa mlio ukazidi, pampu imejishuhudia. Akiufungua mkanda, akaiwasha injini kwa kitambo kidogo na mlio usiwepo, vyote visivyozungushwa na mkanda huo vimetakasika. Ikiwa mlio ni wa barabarani tu, hupanda garini: akibadilisha gea kwa mwendo ule ule na sauti ikabadilika, hulifikiria giaboksi; akipinda kulia na kushoto na mvumo ukazidi upande mmoja, huifikiria beringi ya gurudumu. Mlio ukija akanyagapo na kukoma aachiapo, mwendo haujapungua bado, ndipo inapotajwa difu, sanduku la gea lililo kwenye ekseli ya nyuma, kwa kuwa kila jino la krauni, gea kubwa iliyo ndani yake, lina nyuso mbili, mmoja husukumwa na pinioni, gea ndogo iizungushayo, injini inapolivuta gari, na wa pili hupokea nguvu gari linapojiendea lenyewe na injini kulizuia.

Nionavyo mimi, katika yote haya kimya humfaa fundi kuliko mlio, kwani vitu vingi huweza kulia sauti moja, bali si vingi vinyamazavyo kwa wakati mmoja.

Hata hivyo wanavyuoni walikhitilafiana juu ya nguvu ya dawarani, na wengi hawakuipa zaidi ya dhana. Gereji nayo yaonyesha kwa nini: beringi ya pinioni ikichakaa, pinioni husogea chini ya mzigo, na mlio ukawa ule ule wa meno yaliyolika. Basi fundi huifungua nati ya difu akaisugua oili kati ya vidole, atazame kama imepungua tu kwa kuvuja kwa sili, au inang'aa unga wa chuma. Akiona unga hufungua, akapaka meno machache rangi, akazungusha, akaisoma alama: ikikaa kwenye ncha za meno pinioni iko mbali mno, ikikaa mashinani iko karibu mno, na pete nyembamba za chuma huongezwa au kupunguzwa mpaka alama ikae kati. Meno yakiwa yamelika, krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, kwa kuwa zilisagwa pamoja kiwandani.

Imepokewa katika hadithi kwamba atabibuye watu hali hajulikani kwa utabibu ni dhamini wa madhara yake, nami naona kumkisia fundi juu ya tabibu si kuvuka mpaka. Kukosea baada ya majaribio ni udhuru. Kuuza dhana kwa bei ya yakini ni khiyana, na mwenye gari anayemhimiza fundi abadilishe tu naye ana sehemu yake katika hasara.

Na hata mlio ukikoma, bado jaribio moja limesalia: kukirudisha kile kifaa kikuukuu na kusikia kama mlio utarudi, maana pengine ulikomeshwa na oili mpya tu. Hapana mwenye gari atakayekubali kulilipia.