Nenda Ukapimwe: Imani Isiyokimbia Kipimo

Maandiko: Luka 17:11-19, Walawi 13, Waamuzi 6:36-40, 1 Wathesalonike 5:21



Kuna swali linalozunguka kwenye vikundi vyetu vya maombi, na wengine wenu mmeniuliza uso kwa uso: "Pasta, hawa wanasayansi leo wanasema hivi, kesho wanasema vile. Neno la Mungu halibadiliki. Sasa nikishaombewa presha, mbona niendelee kumeza dawa?" Hili si swali la mchezo. Huenda anayesoma karatasi hii sasa hivi ameziweka dawa zake kwenye droo, anangoja. Tulijibu tukiwa na Biblia mkononi.

1. Ni kweli, sayansi hubadilika

Chukua vidonda vya tumbo, ugonjwa tunaoujua vizuri hapa kwetu. Kwa miaka mingi madaktari waliamini vinaletwa na mawazo mengi, pilipili na asidi. Eti ni vijidudu? Walisema hakuna kijidudu kinachoweza kuishi kwenye asidi ya tumbo.

Mwaka wa 1979 daktari Robin Warren wa Perth, Australia, akaona kwa darubini vijidudu vilivyopinda kwenye vipande vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa. Ndivyo hivi hospitalini wanaviita H. pylori. Yeye na mwenzake kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuvikuza maabarani, vikakataa. Pasaka ya 1982 ikafika, sahani zikaachwa siku zaidi ya kawaida kwa sababu ya likizo. Waliporudi, vimeota! Bado wengi hawakuamini. Basi mwaka wa 1984 Marshall akavinywa mwenyewe. (Msijaribu hiyo nyumbani, jameni.) Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kipimo kikaonyesha tumbo limevimba ndani. Leo vidonda vingi vinatibiwa kwa antibiotiki, na mwaka wa 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa niambie, walibadilisha maneno kwa sababu ni waongo? Hapana. Walibadilisha kwa sababu walipima tena. Mizani ikirekebishwa sokoni, huitupi. Hiyo ndiyo unayoiamini zaidi.

2. Kutojua yote si kutojua lolote

Tuwe wakweli pia: maswali hayajaisha. Karibu nusu ya watu duniani wana kijidudu hicho, na wengi wao hawapati vidonda kamwe. Wengine wanapata vidonda kutokana na dawa za maumivu, bila kijidudu chochote. Basi tukisema kitu "kinasababisha" ugonjwa, tunamaanisha nini hasa? Wanafalsafa bado wanabishana juu ya neno hilo moja.

Mimi nilisomea biashara. Mkaguzi wa hesabu hapitii kila risiti ya mwaka mzima. Anachagua baadhi, anazichunguza, halafu anatoa maoni. Haandiki kwamba hakuna shilingi hata moja iliyopotea. Lakini nani amempa ruhusa ya kutoka kwenye risiti chache hadi mwaka mzima? David Hume wa Scotland aliuliza jambo kama hilo katika miaka ya 1700: mambo tuliyoyaona yanatupaje haki ya kusema juu ya yale ambayo hatujayaona? Mpaka leo hakuna jibu ambalo wote wamekubali. Karl Popper, katika kitabu chake cha 1934, alisema hata majaribio elfu hayawezi kuithibitisha nadharia moja kwa moja, lakini yanaweza kuiangusha. Basi nadharia ya kweli ya sayansi ni ile inayokubali kukaa mahali inapoweza kupigwa. Wengine walimpinga, na mjadala unaendelea.

Hata hivyo benki inaisoma ripoti ya mkaguzi kabla ya kukopesha, na inafanya vizuri. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 13, anakiri kwamba tunajua kwa sehemu. Hapo hakuwatoa wahubiri!

3. Ishara moja, maelezo mawili

Gideoni aliweka ngozi ya kondoo nje. Asubuhi ngozi imelowa, ardhi ni kavu. Lakini mtu angeweza kusema, si manyoya hushika maji kuliko udongo? Gideoni akaomba kinyume chake: ngozi iwe kavu, ardhi ilowe. Usiku wa pili ulifunga mlango wa maelezo yale mengine, na Mungu hakumfukuza kwa kuuliza tena.

Sasa wewe umeombewa, umepimwa presha, imesoma vizuri. Haleluya! Lakini kama ulikuwa ukimeza dawa, kipimo hicho kina maelezo mawili: umepona, au dawa inafanya kazi. Usiseme "lakini sihisi kitu." Presha mara nyingi haina dalili. Mtu hutembea nayo miaka, mpaka siku kiharusi kinapompiga. Hisia si kipimo.

4. Yesu aliwatuma kwa wakaguzi

Wale kumi wenye ukoma, Yesu aliwaambia waende kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sababu kulingana na Walawi 13, kuhani ndiye aliyekuwa akichunguza: anamwangalia mtu, anamtenga siku saba, anamwangalia tena. Yesu hakuogopa jicho la mkaguzi. Na ona, walitakaswa wakiwa njiani. Kwao, kwenda kukaguliwa ndiyo ilikuwa hatua ya imani!

Anayetupa dawa ili aone kama Mungu atamwokoa anafanya lile ambalo Shetani alimtaka Yesu afanye juu ya hekalu katika Mathayo 4: jirushe. Yesu alikataa. Wewe pia kataa.

Ya kufanya wiki hii

Kama umeacha dawa, nenda kwa daktari kesho. Usingoje Jumapili.

Kama unaamini umepona, mwambie daktari hivyo bila aibu. Yeye ndiye ataamua kama dawa zipunguzwe, na kwa utaratibu gani.

Ukishapimwa, leta ushuhuda wako, tutaruka pamoja.

Na kama kipimo kitasema ugonjwa bado upo, hujatolewa katika imani. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, ukabaki, na neema ikabaki pia. Tutaendelea kukuombea, na utaendelea kumeza dawa zako.

Baba, tupe ujasiri wa kupimwa na unyenyekevu wa kupokea majibu. Katika jina la Yesu. Amina.