Kufundisha Tusichopata Kukiona

Je, mtu anayefundisha jambo asilopata kuliona kwa macho yake ni mwalimu, au ni mchukuzi wa maneno tu? Swali hili latugusa sana sisi tunaofundisha Kiswahili huku bara, kuliko linavyowagusa wenzetu wa Mombasa au Unguja. Lugha tunayoifundisha ilikulia mbele ya bahari, nasi tumekulia mbele ya vilima. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo watoto watakaopokea maneno ya bahari kutoka vinywani mwetu watazidi kuwa wengi. Yafaa tujiulize tunawapa nini.

Tutaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha methali isemayo kwamba maji yakijaa hupwa. Mwanafunzi mmoja, mtoto mtulivu aliyeketi nyuma, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, yakipwa huenda wapi?" Sisi hatukujua. Ziwa letu la Viktoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lakini halijai wala halipwi kila siku kwa namna ambayo jicho laweza kuiona. Tulilojua juu ya kupwa tulilisoma katika kamusi, na kamusi haikutuambia zaidi ya maana. Badala ya kukiri, tukajibu kwamba maji hukaushwa na jua kali, kama dimbwi. Mtoto akafikiri, kisha akauliza tena: "Mbona basi hurudi usiku, jua likiwa halipo?" Darasa likacheka. Tukamwambia asimame pembeni hadi kipindi kiishe, kwa kosa la ubishi.

Tukasahau. Aliyesimamishwa, hapana shaka, hakusahau.

Likizo moja ya Desemba, sisi na mwenzetu wa nyumbani tulitimiza ahadi tuliyompa siku za uchumba, kwamba tutampeleka akaione bahari. Ahadi hiyo ilikuwa imekawia miaka kumi na minane, maana ada za watoto na mabati ya nyumba havingoji. Tuliondoka Kampala alfajiri kwa gari letu kuukuu, tukapita msitu wa Mabira, tukavuka Nile pale Jinja kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, tukaingia Kenya kwa mpaka wa Busia. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 1,100 tuliigawa kwa siku tatu. Siku ya nne tukashika barabara ya pwani kutoka Mombasa kwenda Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi.

Njia hiyo ni nzuri, na hatuoni haya kuusifu uzuri wake. Utapita mashamba ya katani ya Vipingo, safu kwa safu, kama mistari ya daftari. Utapita minazi na mibuyu. Kisha pale Kilifi utavuka mkono wa bahari juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991, ambapo kabla yake watu walivushwa kwa feri. Tulisimama baada ya kuvuka, tukatazama nyuma. Maji yalikuwa ya kibuluu kilichoiva, na majahazi machache yametulia. Mwenzetu alinyamaza kwa muda mrefu. Sisi hatukunyamaza. Tulimwonyesha kila kitu na kukitaja jina: ule mkoko, ile ngalawa, huu ni mwamba. Tulijiona tumefika nyumbani kwa maneno yetu.

Kesho yake, siku ya mwezi mpevu, tulikuwa Watamu, mahali ambapo bahari yake imehifadhiwa tangu mwaka 1968. Mnamo saa nne asubuhi tuliteremka ufuoni, na bahari haikuwapo. Pale tulipoyaacha maji jioni palikuwa na mchanga mtupu, majani ya baharini na vidimbwi, na mbali kule kwenye mwamba watu walikuwa wakitembea kwa miguu wakitafuta pweza. Chini ya mti alikuwa ameketi mzee mmoja akitengeneza wavu.

Mwenzetu hakusoma Kiswahili shuleni. Alikipata Busia katika ujana wake, akiwauzia chakula madereva wa malori. Alimwamkia mzee yule kwa heshima, kisha akamwuliza: "Mzee, haya maji inaenda wapi?"

Tukiri tena. Jambo la kwanza lililotujia si kwamba swali lile tumewahi kulisikia. Lililotujia ni ngeli. Tulikuwa tumekwisha fungua kinywa tusahihishe: haya maji *yanaenda*. Lakini mzee alitutangulia. "Hayaendi mbali, mwanangu," akasema. "Yametoka tu nje ya mwamba. Alasiri yatakuwa hapa nilipoketi." Akamweleza kwamba ni kazi ya mwezi, kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno, na hiyo ndiyo bamvua, kwamba katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, yasiyokwenda mbali, na kwamba kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, hivyo mvuvi hana saa moja ya kutoka. Mwenzetu akauliza, mzee akajibu, nusu saa nzima. Sisi tulisimama kando yao tukimkumbuka mtoto aliyesimama pembeni.

Alasiri tulirudi. Maji yalikuwa chini ya ule mti.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, kosa letu lilikuwa kufundisha tusichokiona? Tukisema ndiyo, basi hakuna shule itakayobaki wazi. Mwalimu wa historia hakuwapo Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498. Mwalimu wa jiografia hajafika mwezini, na bado yampasa aeleze jinsi mwezi na jua vinavyoyavuta maji, na jinsi vinavyoshirikiana nguvu vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia. Elimu kubwa ya binadamu ni ya kuambiwa. Kutoona si dhambi, na umaskini wa mwalimu asiye na nauli ya kwenda pwani si aibu yake.

Wala kuona peke yake hakutoshi. Wangapi hupita barabara ile ya Malindi kila mwaka, wakapiga picha, wakarudi kwao wasijue zaidi ya kwamba bahari ni nzuri? Sisi wenyewe tuliona maji yamepwa. Na lau tungalikuwa peke yetu, tungalitaja neno, tukaridhika, tukaondoka. Tulikuwa na jina na tulikuwa na macho, na bado hatukujua. Aliyejua ni yule aliyeuliza.

Kosa, basi, lilikuwa mahali pengine, nalo lilikuwa la ngazi tatu. Kutojua ndiyo ngazi ya kwanza, na hiyo haina lawama. Kuficha kutojua kwa jibu la kubuni ndiyo ya pili, na huo ni uongo, hata kama umesemwa kwa Kiswahili sanifu. Kumwadhibu anayekaribia kuugundua uongo huo ndiyo ya tatu. Hiyo ni dhuluma, kwa kuwa humfundisha mtoto kwamba kuuliza kuna gharama.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba mwalimu akikiri ujinga wake mbele ya darasa, heshima yake huvunjika. Hoja hii si ya kudharauliwa; darasa la watoto themanini haliongozwi kwa unyonge. Lakini tuitazame vizuri. Heshima ambayo yaweza kubomolewa na swali moja la mtoto ilikuwa imejengwa juu ya nini? Mzee wa Watamu hakupoteza kitu kwa kuulizwa swali lenye ngeli mbovu. Alisikiliza linaloulizwa, akalijibu. Sisi tulisikia kosa la sarufi, swali likatupita. Hatusemi sarufi iachwe. Hiyo ni kazi yetu na mkate wetu. Twasema ije baada ya jibu, isije mahali pa jibu.

Kisha kuna neno ambalo tumeliandika ubaoni maelfu ya mara bila kulitazama. *Pwani* yenyewe ina kupwa ndani yake. Ni mahali maji yanapokupwa. Jibu la nusu ya swali la mtoto yule lilikuwa limelala katika mkono wetu wenye chaki.

Shule zilipofunguliwa tulilisimulia darasa letu habari hii yote, pamoja na jibu letu la zamani. Heshima haikuvunjika, mikono iliyonyoshwa iliongezeka, na baadhi ya maswali bado hatujayapatia majibu. Lakini mtoto aliyeuliza kwanza alikwisha kuondoka, na hatujui aliko. Deni lake tumewalipa wengine, na kulipa hivyo si sawasawa na kumlipa mwenyewe.

Wenzetu walimu, wengi wetu hatutaiona bahari hivi karibuni. Hilo lisituzuie kufundisha maneno yake. Ila mtoto akiuliza maji huenda wapi, nasi hatujui, tuseme hatujui, tuliandike swali lake, tumtafute anayejua. Na aketi mahali pake.