Baba na Mapacha Wake

Yafaa tujiulize, ndugu wasomaji: baba atokaye peke yake na mapacha wachanga, amsaidia mkewe au atimiza wajibu wake? Sisi twaona neno "kumsaidia" halifai. Mtu husaidiwa kazi iliyo yake, na watoto hawa si kazi ya mama peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania ilimpa mama aliyejifungua mapacha likizo ya siku 100 badala ya 84. Baba alipewa angalau siku 3, azaliwe mtoto mmoja au wawili. (Hesabu hiyo, kama mtihani, tungeirudisha isahihishwe.)

Kijana mmoja wa mtaani kwetu huwapeleka wake kliniki kupimwa uzito, Kulwa kifuani, Doto mgongoni, kila mmoja na kanga yake. Njiani wanaume humcheka, akina mama humsifu. Kicheko twakiacha, chatoka kwa wasiojua kufunga mbeleko. Sifa ndiyo yatutatiza, maana mkewe hupita njia ile ile na mzigo ule ule, wala hakuna amwambiaye hongera. Je, tumnyime baba sifa? La, nasi tuliofundisha ualimu twajua kwamba mgeni wa kazi hutiwa moyo. Lakini akiulizwa, "Mama yao yuko wapi?" na ajibu bila haya kwamba amelala.