Mawe Yasiyoulizwa

Wapendwa wa Magara, wa Minago, wa Rumonge, nanyi nyote mliobanwa kati ya mlima na maji, fungueni Yoshua sura ya nne. Israeli wamevuka Yordani miguu mikavu. Kabla maji hayajarudi mahali pake, wanapewa kazi nyingine: watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, warudi katikati ya mto, kila mtu ajitwike jiwe begani, wayapeleke kambini. Mawe yanasimamishwa Gilgali. Wengi wetu tumehubiriwa kwamba huo ni ukumbusho wa muujiza, tukaitika amina, tukaenda zetu kula. Rudini msome sababu iliyotajwa pale. Ni mtoto. Siku moja mtoto ambaye hakuuona mto ukisimama atakuta mawe yaliyolainishwa na maji yamekaa nchi kavu. Atashangaa. Atamuuliza baba yake haya mawe ni ya nini, na baba ameamriwa ajibu.

Mimi hapo naona makumbusho na shule vikizaliwa siku moja, tumbo moja. Jiwe ndilo makumbusho, jibu ndilo shule. Kati yake kuna swali la mtoto, na swali likikosekana vyote viwili vimekufa. Anayeweka mawe asimwandae wa kujibu amejenga ghala. Anayemwandaa mwalimu asimpe jiwe la kuonyesha amemtuma akawalishe watoto maneno makavu. Ndugu zangu, sisi wa pwani hii tunatenda dhambi zote mbili kwa pamoja, na tena kwa amani kabisa.

Tuanze na jiwe tunalolipita. Anayetoka Magara kwenda Bujumbura kwa barabara ya Ziwa Tanganyika hupita Mugere, kilomita kama 12 kabla ya mji. Pale pana mwamba uliochongwa majina ya wasafiri wawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Walilala hapo usiku mara mbili. Walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi wakiambaa na pwani hii hii, maana yake walipita mbele ya milango ya babu zetu, wakitafuta kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamekwisha kumwambia msafiri Mwingereza, Burton, jambo hilo mwaka 1858. Ikabidi wageni wengine waje miaka kumi na mitatu baadaye kulitazama kwa macho yao.

Sasa niambie, mwalimu: ukilipeleka darasa lako pale, utawaambia nini? Ukiwasomesha majina mawili na tarehe, wanafunzi watayakariri, watayaandika kwenye mtihani, watayasahau. Wafundishe kuuliza. Mtumbwi ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji, aliyewaazima. Nani walipiga kasia kutwa kucha dhidi ya upepo wa ziwa? Watu ambao majina yao hayamo kwenye mwamba. Mtoto wa mvuvi akisikia hivyo, akatazama mikono yake mwenyewe, hapo ndipo somo la historia linapoanza. Mwamba umekaa pale miaka yote hiyo ukingoja uulizwe, na sisi tunaupita kwa basi tukitafuta mtandao kwenye simu.

Tushuke sasa mwaloni kwetu. Mtoto wa darasa la sita leo anajua taa ya betri inayowavuta ndagala usiku wa giza. Karabai ameiona imening'inia ukutani kwa babu, kioo kimevunjika, haina kazi. Lusenga je? Ule wavu wa mdomo mpana uliochota samaki kutoka mtumbwi wa gogo moja, na moto wa matete ukiwaka mbele, ameuona? Atauona wapi? Katamarani zilipokuja na nyavu za kuinua, mitumbwi miwili ikifungwa pamoja kwa miti, lusenga ikaanza kurudi nyuma. Halafu apolo zikaja, kubwa zaidi. Huo ni ufundi wa vizazi vitatu au vinne, na kila hatua ina hesabu yake, fizikia yake, uzuri wake. Kwa nini ndagala hufuata mwanga? Kwa nini mwezi ukiwa mpevu nyavu huanikwa na wavuvi hulala? Mwalimu wa sayansi ana maabara ya kilomita mia sita na kitu kwa urefu mlangoni pake, yenye kina cha mita 1,470, na bado anachora samaki ubaoni kwa kuiga kitabu kilichochapwa mbali, samaki ambaye hajawahi kuogelea Tanganyika.

Na maji hayatungoji. Ziwa lilipopanda, hasa mwaka 2024, mliona wenyewe nyumba za Rumonge zikiingia majini. Tulihesabu mabati, tukahesabu magodoro, tukahesabu madumu ya mawese. Hakuna aliyehesabu kasia za marehemu, vinu, ngoma, mikeka, picha za harusi za miaka ya sitini. Vitu hivyo havikuwa na daftari, ndiyo maana vilipopotea havikuwa na msiba.

Kuna watakaoniambia: mhubiri, achana na mambo ya kale, humo mna ushirikina. Nawajibu kwa kitabu kile kile mnachonishikia. Pishi ya mana iliwekwa mbele za Bwana ili vizazi vijavyo vione chakula ambacho baba zao walikula jangwani. Hiyo ni kazi ya mhifadhi wa makumbusho, na aliyeagizwa kuifanya ni Haruni, kuhani. Tena mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema alijazwa Roho wa Mungu ni fundi: Bezaleli, wa dhahabu, wa mbao, wa vito. Watu hukomea hapo. Endeleeni mpaka Kutoka 35, mtaona kwamba Mungu alimtia moyoni pia kufundisha, yeye na Oholiabu. Fundi asiyefundisha, karama yake imekatwa nusu. Nanyi majirani zetu mnaoswali katika misikiti ya Rumonge, habari za Musa mnazijua vizuri kama sisi, au zaidi; mbao mlizoandikia aya kwa wino mkiwa watoto chuoni, ziko wapi leo?

Mkisema haya ni ndoto ya mtu wa mimbari, nawapeleka Kampala. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 kwenye ngome ya zamani ya Kapteni Lugard. Vitu viliendelea kuongezeka, nafasi ikawa finyu. Huku nyuma, mwaka 1937, Margaret Trowell, mke wa daktari, alikuwa ameanza kufundisha kuchora, darasa dogo nyumbani kwake, likakua hadi kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Katika miaka ya 1940 makumbusho yakahamishiwa huko huko shuleni, na Trowell akawa mwalimu na mhifadhi kwa wakati mmoja. Hebu fikirini: mwanafunzi anaacha udongo wake mezani, anavuka ukumbi, anasimama mbele ya chungu kilichofinyangwa na bibi wa Ankole, anakizunguka, anarudi kwenye udongo wake akiwa mtu mwingine. Makumbusho yalipata watu wa kuyauliza. Shule ikapata kitu cha kuulizia. Yalikaa hivyo hadi jengo la makumbusho pale Kitante lilipokuwa tayari mwaka 1954.

Mama yule alikuwa na mawazo ya wakati wake, mengine ya kikoloni, wala simtakasi. Lakini mti hutambulikana kwa matunda. Mwaka 1953 alitoa kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda pamoja na Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Wachsmann huyu, alipokuwa mhifadhi, alikataa zeze na ngoma zilale kimya kwenye kabati. Aliwaleta wapigaji wenyewe ndani ya makumbusho, wageni wasikie. Na wanafunzi? Gregory Maloba kutoka Kenya ndiye aliyechonga mnara wa uhuru wa Kampala, 1962, mama aliyemwinua mtoto juu. Sam Ntiro wa Machame alichora migomba, njia za kijijini na watu wakifanya kazi. Mchoro wake wa watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko New York, katika jumba la MoMA. Kijiji cha Machame kimefika huko kwa sababu kijana mmoja alifundishwa kwamba kijiji chake kinafaa kutazamwa.

Elimo Njau ndiye ninayempenda kuliko wote, na mtanisamehe nikikaa kwake kidogo. Mzaliwa wa Marangu, naye wa Makerere. Mwaka 1959 alichora ukuta wa kanisa la Mtakatifu Yakobo kule Murang'a, katika nchi ya Wakikuyu, damu ya miaka ya Mau Mau ikiwa haijakauka mioyoni. Alimchora Kristo akizaliwa, akibatizwa, akila chakula cha mwisho, akiomba Gethsemane, akisulubiwa, na yote hayo yakatokea kwenye vilima vile vile ambavyo waumini waliviona wakitoka nje ya mlango. Bibi asiyejua kusoma aliingia kanisani akasoma. Kanisa likawa shule, likawa makumbusho, bila kuacha kuwa kanisa. Baadaye alianzisha majumba ya sanaa, Kibo kule Marangu, na Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, akifundisha kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Walimu, lisikieni neno hilo! Mnapompa mtoto tufaha la kuchora, mtoto ambaye hajawahi kuuma tufaha, na mlangoni pa shule mchikichi umebeba mikungu myekundu, nani analala usingizi?

Huko Lubumbashi nako, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mwaka 1946, akakataa kuwapa vijana picha za Ulaya waziige. Akawaambia watazame. Pili Pili Mulongoy akatazama samaki na ndege, na samaki wake mpaka leo wanaonekana wakipumua.

Kwetu Burundi msingi umekwisha kuwekwa, na msinijibu kwamba hakuna. Makumbusho ya taifa yako Gitega tangu 1955, na mji huo huo una shule ya sekondari ya ufundi wa sanaa. Gishora iko jirani, na ngoma zake. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika urithi wa wanadamu wote. Bujumbura kuna Makumbusho Hai tangu 1977, yenye nyumba ya kifalme ya nyasi na mamba wake, na watoto wengi wa Magara waliofika pale wanakumbuka mamba tu. Simlaumu mtoto. Nani alimtayarisha swali la nyumba? Mwalimu alihesabu vichwa wakati wa kupanda basi na wakati wa kushuka, akashukuru Mungu hakuna aliyepotea. Na mwongozaji, je, aliwahi kufika darasani wiki moja kabla, na kikapu kimoja mkononi, akakiacha kipite mikononi mwa watoto arobaini? Makumbusho yasingoje shule ije, maana shule ya Magara haina mafuta ya basi la kupanda mlima hadi Gitega. Yashuke ziwani. Vitu vyetu vingine vimefika mbali zaidi ya hapo, viko katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, na hakuna aliyesema nauli ilikuwa ghali.

Hapa naomba mnivumilie, maana nitasema la kuuma. Chungu kilichopika maharage ya nchi hii kwa karne nyingi kilifinyangwa na mikono ya Watwa. Tulikula kilichopikwa humo, tukakataa kula pamoja na aliyekifinyanga. Halafu yakaja masufuria na beseni za plastiki, soko la mama mfinyanzi likafa, nasi tukaita maendeleo. Sasa mnataka chungu kiingie kwenye kabati la kioo, na aliyekifinyanga abaki nje ya uzio? Hapana! Mama huyo aingie darasani kwanza, asimame mahali pa mwalimu, aitwe mwalimu, alipwe kama mwalimu, na watoto watie vidole kwenye udongo wake. Bezaleli wenu huyo. Mmempita njiani miaka yote.

Mtasema sanaa haishibishi. Mbona mnajisahau? Mtumbwi unaowalisha ni sanaa ya seremala aliyeona umbo la mtumbwi ndani ya mbao kabla hajaipiga msumeno. Anayechora kwa makini amejifunza kutazama kwa makini, na hakuna daktari, fundi wala baharia anayeweza kazi yake bila hilo.

Basi, direkta wa ekofo, shule yetu ya msingi, toa chumba kimoja, hata kile cha majembe yaliyovunjika. Paka chokaa. Wazee, shusheni darini lusenga, karabai, kasia, ikembe, kinu cha mawese, na msivioshe sana. Alama za mikono ziacheni. Watoto wa darasa la tano waandike kadi, na juu ya kadi litangulie jina la aliyekitumia kitu, kisha jina la kitu, kisha swali moja ambalo aliyekileta ameahidi kurudi kulijibu. Kila Ijumaa darasa moja likae sakafuni likichora kitu kimoja saa nzima, bila kunakili kitabu, na michoro ibandikwe ukutani pamoja na vitu, maana miaka hamsini ijayo hiyo nayo itaulizwa. Makanisa na misikiti tuchange mbao za rafu; nitaanza na mbao zilizobaki kwenye madhabahu yetu, na mashemasi nimekwisha kuwaambia. Rafu ziwe juu, kupita alama ya maji ya 2024. Funguo ziwe mbili: mmoja kwa mwalimu, mmoja kwa mvuvi.