Maiti Haiwekwi Rehani

Hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa ilikataa juzi kutoa maiti ya mama mmoja wa mtaani kwetu mpaka deni lake lilipwe. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Barazani, hesabu ya mchango wa kulipa deni hilo ikisomwa kwenye simu, mzee mmoja ninayemheshimu akasema: "Watu hawa harusi wanaichangia malaki, bima ya afya hawalipi. Haki gani wanayoidai?" Hakuna aliyemjibu. Mimi namjibu hapa.

Haki ya afya ni nini, imeshaelezwa vya kutosha. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu, raia na asiye raia, haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Wanaosema hazina ina kikomo wana hoja: mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikataa kuilazimisha hospitali imsafishe figo mgonjwa, kwa kuwa mashine hazikutosha. Na anayehofia kwamba haki hii itamgeuza daktari mtumwa ajue kuwa anayedaiwa ni serikali.

Lakini hoja ya harusi inanichoma. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya kila mwezi bila kuhisi sana. Muuza mahamri hana mwajiri wa kumkata. Mfuko wa bima ulioshika nafasi ya ule wa zamani, NHIF, Oktoba 2024 ulianza kwa kumtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, shilingi 3,600 kwa uchache, naye faida ya leo ndiyo unga wa kesho. Na huo mchango wa harusi anaoubeza mzee ni kitu gani, kama si bima? Leo nakupa, kesho wanipa, na daftari lipo. Aliyejitenga na harusi za wenziwe hana wa kumchangia akilazwa. Deni la mama yule lililipwa na watu wale wale waliochanga harusini.

Tuseme basi alikuwa mbadhirifu kweli. Mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama ya serikali, na jaji hamuulizi alioa kwa shilingi ngapi. Mwizi akikuvunjia mlango, polisi hawakagui kabati lako la nguo kabla ya kuja. Mahakama, polisi na uchaguzi vyote vinagharimu, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo si haki. Mgonjwa peke yake ndiye anayetakiwa athibitishe kwanza kuwa aliishi kwa akili. Huo ni ukatili uliovishwa nguo ya busara, na unaniudhi zaidi unapotoka kinywani mwa mtu mwema.

Tena tujiulize hospitali ile ilishika nini. Maiti haiuzwi, wala sheria haimtambui mtu kuwa mmiliki wake. Kilichowekwa rehani ni wajibu wetu wa kuzika. Wenye hospitali walijua kwamba jamaa watauza shamba kabla ya kumwacha mama yao kwenye friji. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia akina mama waliojifungua katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Kwa aliye hai na aliyekufa mchezo ni mmoja: huruma ya jamaa ndiyo inayoshikwa.

Hapa hunirudia somo la chuoni ambalo sijawahi kulichoka, la faradhi ya kifaya. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni deni la mji mzima. Wakilitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, na wasipolitekeleza, wote wana dhambi. Imamu Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliuhesabu utabibu katika faradhi hizo: mji usio na tabibu, watu wake wote wana lawama. Nalipenda wazo hili kwa sababu halianzi kwa kumuuliza mgonjwa ana stahili gani, bali linauliza nani atabeba lawama asipotibiwa. Na halitaki kitambulisho. Mgeni akifa bandarini bila jamaa, mji unadaiwa naye kama unavyodaiwa na mzaliwa.

Ila lina upande unaoninyima usingizi. Wachache wakitenda, wote wamesalimika. Wauza samaki na vijana wa bodaboda wakimaliza mchango, kaunti imesalimika, serikali kuu imesalimika, na mzee wangu amepata ushahidi kwamba watu wana pesa. Kila mchango unaofanikiwa unaurefusha utaratibu ule ule unaoulazimisha. Tuache kuchanga, basi? Hatuwezi, na asiyechanga kwa ajili ya kanuni simwamini. Nimelizungusha jambo hili na sijaona mlango wa kutokea.

Ninachojua ni kwamba Ibara ya 20 ya Katiba inasema serikali ikidai haina rasilimali, ni juu yake kuthibitisha. Kwa hiyo changa, ndugu msomaji. Kisha ichukue risiti ya hospitali, umpelekee mwakilishi wa wadi yako kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa mwezi Juni, na umtake athibitishe.